Mwaka wa Injini ya Mguu Mfupi

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo bila kujivuna, ingawa kama ni haki ya kujivuna ninayo. Shule niliiacha darasa la nne. Nimesukuma baiskeli yenye magunia ya chumvi kutoka Kasulu mpaka Kibondo, matope yakinifika magotini, na kuchomelea nimejifunza kwa kumtazama mtu mwingine akichomelea, bila miwani, mpaka macho yakawaka kama yametiwa pilipili. Leo ukipita Kibondo mjini, kila geti la pili utakaloliona limetoka katika mikono hii. Kwa hiyo simu ilipokuja mwezi uliopita, kwamba Nashoni amefariki kwao Murungu, sikupiga kelele kama wengine. Nilizima mashine, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikaingia ndani kumsubiri mke wangu avae. Nashoni ni kaka yake wa tumbo moja. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Akaniuliza, bila kunitazama, "Baba Shukuru, wewe na kaka yangu mlimaliza?" Nikamwambia tuliyamaliza zamani. Hilo nalo lilikuwa uongo, na wala sikuhitaji kufikiri, lilitoka lenyewe.

Tulikaa matanga siku tatu. Sebuleni walikuwa wametoa viti wakatandika mikeka, na mimi kwa heshima ya ukwe nilipewa nafasi chini ya dirisha. Nyuma ya dirisha hilo wanawake walikuwa wanamenya ndizi, na mtu akiwa kimya ndani ya nyumba ya msiba anasikia kila kitu. Mmoja akasema, "Huyo mwenye shati jeupe ndiye walikuwa na marehemu kwenye kile kivuko cha mapipa." Mwingine akadakia, "Si ndio walioibiwa na yule Mswahili wa Kasulu?" "Ee, ndio hao. Waliagiza injini ya mguu mrefu, wakapewa ya mguu mfupi." "Jamani, injini nayo ina miguu?" "Ina mmoja tu." Wakacheka, halafu wakakumbuka walipo, wakarudi kwenye ndizi zao. Mimi sikucheka. Hadithi ile ya kuibiwa niliitunga mimi, siku moja, nimesimama ndani ya maji, na imedumu katika vijiji hivi kuliko geti lolote nililowahi kutengeneza. Geti hupata kutu.

Ulikuwa mwaka ule Kakonko walipopewa wilaya yao. Nilikuwa na miaka thelathini, na karakana ya mabati nyuma ya soko, na chumba kimoja kidogo cha kuhifadhia vyuma ambacho mchana kilikuwa ndiyo sebule yetu na chumba cha kulia. Nashoni alikuwa anakuja pale na maharage yake ya kuuza, anaegemeza baiskeli, anatusalimia "Mwakeye" kwa sauti yake ile ya chini, na mke wangu anatuletea ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese. Nashoni alikula taratibu sana. Alikuwa anamega tonge, analitazama, analiviringisha, utadhani anataka kuliuza. Mimi nilikuwa nimeshamaliza na ninaongea, yeye bado yuko robo. Ndivyo tulivyoelewana. Aliniita mulamu, ndivyo kwetu tunavyomwita shemeji, lakini alilisema neno hilo kama watu wengine wanavyosema rafiki yangu.

Wazo la kivuko lilikuwa langu, sitaki mtu mwingine alichukue. Kule chini, katika bonde la Malagarasi, watu wengi wanalima ng'ambo. Mvua zikikolea, maji yanafunika daraja la magogo na bonde lote linakuwa ziwa miezi kadhaa. Kulikuwa na mitumbwi miwili ya kuchonga tu, na gunia la maharage likipanda mtumbwi mkavu linashuka limelowa. Nikamwambia Nashoni, nipe mapipa ya plastiki kumi na sita, chuma na mbao, nitakutengenezea jukwaa linaloelea ambalo litabeba baiskeli, magunia na mchungaji na kwaya yake. Serikali ya kijiji ikatupa nafasi ya kuvusha watu kwa sharti moja: maharage yatakapoanza kuvunwa kivuko kiwe kinafanya kazi, la sivyo nafasi inarudi kwa wenye mitumbwi. Nashoni akauza ng'ombe wake watatu. Hakuwa na wa nne. Mwenye mapipa alipotuletea mzigo, Nashoni alilipiga kila pipa ngumi, moja moja, akisikiliza, akaniambia, "Mulamu, mimi maji nayaogopa. Naingia kwa sababu umeingia wewe."

Jukwaa lenyewe, niseme ukweli, lilikuwa kazi nzuri. Mapipa nane kila upande, fremu ya chuma juu, mbao juu ya fremu, na nyuma kabisa nikasimamisha ubao mnene wa kufungia injini. Ubao ule niliuinua juu, ili injini isipigwe na maji. Hakuna aliyeniambia niuinue. Nilitumia akili yangu. Tatizo likawa injini. Mtu wa huku juu hajui injini ya boti, anajua ya pikipiki na ya mashine ya kusaga. Lakini kila mtu wa bondeni anajua fimbo. Kwetu huvuki maji bila mti mkononi: unachoma mti chini, unaona maji yanaishia wapi, ndipo unatia mguu. Nikakata mti, nikaingia katika mkondo mwezi wa pili, mvua zilipokuwa zimepumzika kidogo, nikapima toka ukingo huu mpaka ule. Maji kiunoni, mahali pawili yalifika kifuani. Nikaweka alama kwa kisu. Nilijiona nimefanya kazi ya mhandisi.

Duka la Mzee Saidi pale Kasulu lilikuwa na kila kitu, kuanzia misumari mpaka vioo vya taa za magari. Yeye asili yake pwani, na alikuwa na watu wake wa kumletea injini zilizotumika kutoka ziwani. Nilimkuta nyuma ya meza yake ya mbao, harufu ya mafuta ya taa na ya kahawa zimechanganyika, na wazee wawili wamekaa kwenye benchi na vikombe vyao vidogo. Nashoni hakuwepo, alikuwa bondeni analinda mapipa. Nikasema ninachotaka: injini ya nguvu za farasi kumi na tano. Mzee Saidi akaniuliza, "Mguu mrefu au mguu mfupi, bwana mdogo?"

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba injini ina mguu. Wale wazee kwenye benchi wakaacha kunywa. Kama wasingekuwepo labda ningeuliza, nimejiambia hivyo mara nyingi. Nikasema, "Mfupi. Mto wetu hauna kina, nimeupima mwenyewe."

"Umepima mto?"

"Kwa mti. Maji kiunoni."

"Mto si hoja, mwanangu. Nakuuliza chombo. Huo ubao wako wa nyuma una kimo gani?"

"Mzee, chombo nimekichomelea mimi. Nakijua kama mkono wangu."

"Watu wenye mapipa aghalabu huchukua mguu mrefu."

"Mimi siyo watu."

Mmoja wa wale wazee akacheka puani. Mzee Saidi hakucheka. Alinitazama kidogo kwa upole, na upole ule ndio ulionikera zaidi. Akasema, "Haya. Mfupi, kwa neno lako." Nikatoka pale kifua mbele.

Injini ilifika mwezi wa nne, maji yamejaa bondeni, na maharage ya ng'ambo yameanza kugeuka rangi. Siku ya kuijaribu ilikuja nusu ya kijiji. Nikaifunga injini kwenye ubao kwa mikono yangu, nikavuta kamba, ikawaka mara ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Nikatia gia. Injini ikapiga ukelele mkali, maji yakaruka nyuma kama yanachemka, na jukwaa halikusogea hata hatua. Nikaongeza mafuta, ukelele ukapanda. Nikainama kuangalia: propela ilikuwa inazunguka juu juu, nusu imo majini, nusu iko hewani, inakoroga povu. Kutoka ukingoni mwanamke mmoja akapaza sauti, "Baba Shukuru, tulete mahindi?" Bonde zima likaangua kicheko, maana kweli ililia kama mashine ya kusaga. Mwingine akasema, "Subiri, bado inakoboa!" Nikaruka majini, nikasukuma jukwaa kwa bega huku injini inawaka, nimekasirika kiasi cha kutaka kuing'ata. Na hapo hapo, maji yakiwa yamenifika tumboni, swali la Mzee Saidi likanirudia lote, neno kwa neno, nikaelewa alikuwa ananiuliza nini.

Nashoni akaja akisogeasogea kwenye mbao, amekamata kamba kwa mikono miwili. "Mulamu, inakuwaje?"

Ningeweza kusema. Lilikuwa neno moja. Badala yake nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Wametubadilishia! Nilimwambia yule mzee mguu mrefu, katupa mfupi!" Kicheko kikakatika palepale. Watu wakaanza kutuonea huruma. Sitasahau jinsi huruma ile ilivyokuwa tamu.

Kesho yake alfajiri Nashoni akaenda Kasulu. Sikumtuma, lakini sikumzuia pia. Yeye, mtu asiyejua kugombana hata na kuku, alikwenda kugomba kwa ajili yangu. Alirudi siku ya pili, akaingia kwenye kile chumba cha vyuma, akaweka mkate mezani, akakaa. Mke wangu akaleta chakula. Nikamuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia maneno makali. Mbele ya wateja wake."

"Akasemaje?"

"Aliniacha nimalize. Halafu akanipa kahawa." Akamega tonge, akaliviringisha. "Mulamu, siku ile dukani ulisema mrefu?"

"Nilisema mrefu."

"Haya," akasema. Akaendelea kula. Alikula polepole kuliko siku zote, na mimi nikakaa pale nikisikia kila tonge. Nilidhani amechoka na safari.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mateso matupu. Kwa kuwa nilishasema tumeibiwa, sikuweza kurudi Kasulu kubadilisha injini, na kwa kuwa mimi ni fundi, sikutaka kumwita fundi. Nikakata ubao, nikaushusha. Propela ikazama vizuri, jukwaa likaenda, nikapiga mluzi. Tulipopakia magunia kumi na mawili mapipa yakazama zaidi, na injini yenyewe ikawa inalamba maji. Katikati ya mkondo ikanywa, ikakohoa, ikafa. Tulirudishwa na wale wenye mitumbwi, kwa kamba, wanatuuliza habari za nyumbani kwa adabu ya kukera. Nikaifungua injini yote nikaikausha juani juu ya turubai, nikairudisha, ikabaki skrubu moja ambayo mpaka leo sijui ilikotoka. Nikaupandisha ubao inchi mbili, ikakoroga povu. Nikaushusha inchi moja, ikanywa maji. Nikahamisha magunia mbele, nyuma ikainuka, propela ikalia hewani. Nikayarudisha nyuma, injini ikaoga. Ilifika mahali naota inchi. Ng'ambo watu wameng'oa maharage, wameyarundika, wanatutazama.

Nashoni ndiye aliyemleta Papa Mulenda, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ambaye ujana wake wote aliutumia kwenye boti za ziwani. Mzee mfupi, kofia ya sufu, suruali imekunjwa. Alizunguka jukwaa mara moja, akashika ubao, akapenyeza mkono chini mpaka tumbo la pipa, akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekunywa dawa ya ng'ombe. "Moteri yako iko muzuri, patroni. Muguu njo mufupi. Weye ulipima nini?"

Nashoni akajibu kwa niaba yangu, taratibu, macho yake kwangu. "Alipima mto. Kwa mti."

Papa Mulenda akapiga paja. "Mayi haipimwe! Sikia, patroni. Unapima toka hapa moteri inafunga mpaka chini ya pipa. Ile kibati ya juu ya elisi, ile munaita propela, ikuwe chini ya pipa kidogo, basi. Mayi ikuwe ya kiuno, ikuwe ya kuzamisha nyumba, muguu ni ule ule." Akaniuliza ubao ulikuwa wapi siku ya kwanza, akapima kuanzia hapo kwa kipande cha kamba na kukilaza kwenye rula yangu ya chuma: inchi ishirini, na mguu wetu ulikuwa wa kumi na tano. Inchi tano! Nimehangaika wiki tatu kwa inchi tano. Halafu akauliza, kwa kweli bila nia mbaya, "Na ule mwenye kuuzisha, hakukuuliza?"

Nashoni alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu ndani ya maji, yeye aliyeyaogopa. Alinisubiri. Najua sasa kwamba alikuwa ananisubiri. Siku ile niliona tu mtu amekaa.

Nikasema, "Hakuniuliza lolote."

Nashoni akatoa miguu majini. Akaikausha kwa shati lake, mguu mmoja, halafu wa pili, akavaa viatu, akafunga kamba za viatu. "Mulamu," akasema, "kivuko nakuachia." Nilidhani ni hasira ya siku moja. Maharage yakavushwa na mitumbwi mwaka ule, yakalowa kama kawaida, na kijiji kikatunyang'anya nafasi. Yeye akarudi Murungu kulima shamba la kukodi. Nilipopata uwezo nilimpelekea ng'ombe wawili, mchungaji wa ng'ombe akarudi nao jioni yake na salamu nzuri. Tukawa tunaonana kwenye harusi na misiba, ananipa mkono, anauliza hali ya watoto, na kila mara, kabla hatujaachana, ananiuliza, "Hakuna jingine, mulamu?" Namjibu hakuna. Nilikuwa nachukia swali lile. Nilidhani anadai ng'ombe wake kwa mafumbo.

Mimi sikukata tamaa, sikuumbwa hivyo. Mwaka uliofuata nilinunua injini ya mguu mrefu kwa mtu mwingine kabisa, nikalipeleka jukwaa mahali pengine bondeni, likafanya kazi na linafanya kazi mpaka leo. Watu wanatoka hadi Kakonko kuniuliza vipimo, na mimi nawaambia, mayi haipimwe, pima ubao wako mpaka chini ya pipa, wanaandika. Wanadhani niligundua mwenyewe. Nimewaacha wadhani.

Baada ya matanga sikurudi kazini. Yale maneno ya dirishani yalinikaba. Nashoni amezikwa, na katika kijiji chake mwenyewe mwizi bado ni Mzee Saidi. Siku ya nne nikaenda Kasulu. Duka limepakwa rangi mpya, benchi ni lile lile, na Mzee Saidi amekonda, yuko kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi. Sikujua nianzie wapi, nikasema, "Mzee, mimi ni yule wa injini ya mguu mfupi."

Akanitazama muda mrefu. "Maji kiunoni," akasema.

"Nilikusingizia. Ulinionya, nikakataa, nikaenda kusema umetuibia. Nimekuja kuomba radhi."

"Mwenzako alishaniomba radhi."

"Nani?"

"Shemeji yako. Siku ile ile aliyokuja kunitukana. Nilimwacha amalize, nikamwita mmoja wa wale wazee waliokuwepo siku yako, akamweleza ulivyosema. Akakaa hapo hapo ulipokaa wewe, akainamisha kichwa kitambo. Kisha akasema, nisamehe mzee, na nakuomba usiitangaze habari hii. Atasema mwenyewe. Na mimi nikanyamaza, mwanangu. Wateja wa Murungu wakaacha kuja, nikanyamaza." Akasogeza shanga mbili. "Kila akija mjini alikuwa anapita. Mimi namuuliza, amesema? Yeye ananijibu, bado. Tukawa tunacheka. Kabla ya Ramadhani hii alikuwa hapa. Nikamuuliza, amesema? Akasema, bado mzee, lakini nitamwona kwenye harusi ya mpwa wangu. Ehe, mlikutana? Hajambo lakini?"

Mpwa wake ni binti yangu Shukuru. Harusi ni mwezi ujao. Ilibidi nimwambie mzee wa watu kwamba tumemzika. Alisema maneno yao ya msiba kwa Kiarabu, akashika mkono wangu, hakuuachia, na kwa kuwa hakuuachia nikashindwa kuinuka, tukakaa hivyo mpaka wateja wakaanza kuzunguka upande wa pili wa meza.

Miaka yote ile nilijiambia kwamba kusema kutanigharimu sana, jina langu, kazi yangu, heshima ya ukweni. Basi la kwenda lilikuwa elfu saba. La kurudi elfu saba. Bodaboda kutoka stendi mpaka dukani elfu moja, na kurudi stendi nilitembea. Shilingi elfu kumi na tano.